Bibi Amelala Dodo

Mama,

Lulu anakuja Alhamisi, na bado hajui kuwa umekufa.

Najua nimeanza vibaya. Wewe ulinifundisha kuwa barua huanza kwa salamu, halafu hali za watu wa nyumbani, halafu ndiyo mtu aeleze shida yake. Haya, shikamoo. Naiandika ingawa marahaba yake sitaisikia, maana tangu uondoke hamna mtu nyumbani humu wa kumwamkia mimi. Shikamoo zote sasa zinakuja kwangu na bado sijazizoea. Hali zetu njema, alhamdulillahi. Baba Harith na magoti yake ni walewale. Joto la Ibra mwaka huu limetuanza mapema, saa tatu asubuhi huwezi kushika kitasa cha mlango wa nje. Tende za mwanzo zimeshaiva na nimempelekea kila jirani uliyekuwa ukimpelekea. Salamu zimekwisha. Sasa shida.

Shida yenyewe ni neno moja, na neno hilo nimelipata kwako.

Unakumbuka Ijumaa zenu. Saa tisa alasiri kwetu, saa moja asubuhi kwao Montreal, mjukuu wako Harith anapiga simu kabla hajampeleka mtoto shule, na wewe umeshaamka, umeshanawa uso, umekaa sawasawa kitandani na mtandio mpya kichwani kana kwamba unakwenda harusini. Simu tunaiegemeza kwenye bakuli la halwa. Lulu anatokea, miaka sita, meno mawili ya mbele hana, anatafuna mkate. Unamuuliza anakula nini kwenye dejene yake ya asubuhi, anakuonyesha, nanyi mnaanza. Kuanzia hapo mimi nilikuwa sielewi kitu. Nilikuwa nakaa pembeni na birika la kahawa, mkicheka, nacheka. Mlikuwa na ugomvi wenu wa sabini: wewe unasema septanti kama masista walivyokufundisha Bujumbura, yeye anapiga kelele kuwa ni swasant-dis kama wanavyosema kwao, na hakuna aliyekubali kushindwa. Nilikuwa naona wivu, Mama. Leo naweza kukwambia. Mjukuu ni wangu, wako ni kitukuu, lakini aliyekuwa akiagwa kwa mabusu kwenye kioo cha simu ni wewe.

Kifaransa mimi sikukipata. Tulipohamia huku Omani nilikuwa na miaka saba. Ulisema nitajifunza nikikua, na nilipokua nilikuwa sikitaki tena. Neno nililobaki nalo ni moja, dodo. Ndivyo ulivyokuwa ukinilaza tulipokuwa Bujumbura, dodo, dodo, unanipiga mgongoni taratibu, na mimi nilikuwa nadhani unaniahidi embe. Zile embe dodo zilizokuwa zikija kwa meli ya ziwani kutoka Kigoma. Nilikuwa nalala haraka ili asubuhi nilipate embe langu, na siku moja nililia kweli kwa kuwa halikuwepo. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ndipo uliponieleza kuwa kwa Kifaransa dodo ni usingizi wa watoto.

Basi simu ikilia kabla hujaamka, mimi ndiye nilikuwa naipokea. Lulu ananiuliza uko wapi, naweka viganja viwili shavuni, nafumba macho, namwambia, "Bibi dodo." Anacheka, anaanza kuhesabu, maana ulimwambia akihesabu mpaka sabini utakuwa umeamka. Na kweli ulikuwa ukiamka, kwa kelele zake tu. Nilikuwa nalipenda neno hilo. Ndilo lililonipa kijinafasi changu kwenye Ijumaa zenu.

Ulikufa Jumatatu. Harith alilia kwenye simu kama mtoto, akasema Lulu atamwambia yeye mwenyewe, nimwachie. Nikamwachia. Ijumaa ile nyumba ilikuwa bado ina watu, matanga yalikwisha lakini ndugu wa kutoka Bidiya walichelewa, nami nilikuwa jikoni natafuta vikombe. Simu yako ikalia chumbani kwako. Saa tisa. Nikaenda kuipokea kwa mazoea ya miguu, Mama, sikufikiri hata kidogo, na uso wa Lulu ukajaa kwenye kioo, ana jamu mdomoni. Akauliza uko wapi. Nikaangalia kitanda. Nikaweka viganja shavuni.

Wallahi sikupanga. Neno lilitoka lenyewe.

Kumbe Harith hakuwa amemwambia. Wiki ileile mimba ya mkewe Sofi ilianza kusumbua, daktari akataka nyumba iwe na utulivu, na yeye akaona afadhali asubiri siku mbili tatu. Aliposikia nilichosema akasema, "Basi, Mama, tuache hivyo kwanza." Ijumaa iliyofuata mtoto akauliza tena. "Ankor dodo?" Nilimuuliza Harith maana yake, akaniambia ni "Bado amelala?" Nikasema dodo. Na Ijumaa nyingine. Nilisema dodo mpaka ulimi ukawa mzito, kisha nikaanza kuikimbia simu. Ikifika saa tisa kasorobo naenda kwa jirani, namwachia Baba Harith, naye hujifanya haelewi kitu, jambo ambalo kwake si kazi ngumu.

Sasa Sofi amelazwa hospitali mpaka ajifungue, na Harith hawezi kazi na mtoto peke yake. Anamleta. Atakaa kwetu miezi miwili. Wiki nzima sili vizuri. Mji mzima wa Ibra unajua umekufa, huko Montreal hata yule bibi wa ghorofa ya chini anajua, alituma kadi. Mtu mmoja tu ndiye hajui, na huyo amekufungia zawadi. Harith kaniambia. Amechora picha, na amechukua chupa ndogo ya asali ya utomvu wa miti ya kwao, ile uliyokuwa ukiimimina kwenye chapati. Halafu kuna jambo ambalo Harith alipolitaja nilikata simu, nikamwambia baadaye kuwa mtandao ulikuwa mbovu. Amejifunza kuhesabu kwa namna yako. Septanti. Amekubali kushindwa, anataka akakuonyeshe.

Nitamwambiaje, Mama? Na kwa lugha gani? Kiswahili hana. Kiarabu chake ni cha sala tu. Harith amenitumia maneno yenyewe kwa sauti, "Bibi e mort," yaani Bibi amekufa, na tumekubaliana tutamkalisha chini pamoja, mimi nitangulie kusema kwa kuwa mimi ndiye niliyesema dodo, yeye amalizie. Nafanya mazoezi nikiosha vyombo. Jana Baba Harith alisimama mlangoni akaniuliza, "Bibi ana moto? Bibi gani?" Nilimfukuza na kijiko.

Najua ungesema nini. Ungesema, ulikataa kujifunza kwa hiari, sasa jifunze kwa lazima. Na hapo ndipo ninapotaka kufika, maana kuna jambo sikuwahi kukuomba radhi, na naogopa kuwa hili la Lulu ndilo malipo yake.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa uani kwa jirani, wanawake wote waliokuwepo ni wa Unguja, mafua yamenibana, nikaomba mushwari. Si ndilo neno tulilokuwa tukisema nyumbani? Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Jamani, mtoto anatafuta bahari shwari hapa Ibra!" Na mwengine, "Hao ndo wa bara, Kiswahili chao wamekiokota njiani. Leso hiyo, mwanangu. Sema leso." Nikasema leso. Nikarudi nyumbani nikaanza kukusahihisha na wewe. Fursheti si neno, sema uma. Velo si neno, sema baskeli. Mpaka siku hiyo nilikuwa sijui kuwa yale ni maneno ya Kifaransa; nilidhani ni Kiswahili, tena nilidhani ndicho Kiswahili cha watu wote. Uliniangalia tu.

Halafu ikaja siku ya posa. Mama yake Baba Harith, Mungu amrehemu, anakuja na dada zake wawili, Unguja tupu, wenye kusema kila neno kama wanalitoa kabatini limepigwa pasi. Nilikuja jikoni nikakushika mkono. Nilikwambia, "Mama, nakuomba, leo usiseme mushwari." Nikakutajia na mengine. Ulikuwa na mafua siku ile, nadhani unakumbuka. Ulikaa majlisi na wageni alasiri nzima ukawa unajibu kwa Kiarabu maneno mawili matatu, na ulipotaka leso hukuiomba. Sijui kama neno la Unguja lilikutoka kichwani au uliogopa utakosea. Nilikuona ukijifuta pua kwa ncha ya mtandio wako, umegeuza uso ukutani. Wageni walipoondoka walisema mama wa bibi harusi ni mtu mpole, hana maneno mengi. Wewe, huna maneno mengi! Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniumiza, Mama, kwamba nilifurahi.

Miaka ikapita, na neno lile sikulisikia tena kinywani mwako mpaka uliporudi kutoka Montreal. Ulikwenda Lulu alipozaliwa, ukakaa miezi mitatu, ukarudi unazungumza kama mtu aliyefunguliwa mdomo. Ulitusimulia ngazi zao ziko nje ya nyumba, zinaganda barafu, jambo ulilolilaumu tangu siku ya kwanza mpaka ya kurudi. Mitaa yao yote ina majina ya watakatifu. Ulisema ukipita unaona kama sista anaita mahudhurio. Kibao cha kusimamisha magari kimeandikwa Kifaransa, na Harith alikwambia Ufaransa kwenyewe kimeandikwa Kiingereza, ukaifurahia habari hiyo wiki nzima. Wanakilinda Kifaransa chao, ulisema, kama sisi tunavyolinda zamu zetu za maji ya mfereji wa falaji, kwa daftari na kwa ugomvi. Na chakula cha asubuhi wanakiita dejene, cha usiku supe, sawasawa na masista wako. Yule Mfaransa wa Paris aliyewahi kukucheka Maskati, akakwambia dejene ni chakula cha mchana, basi aucheke na mji mzima.

Na yule bibi wa ghorofa ya chini. Alikusimulia baba yake alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nguo, na wakubwa wa kiwanda walikuwa wakiwaambia wafanyakazi lugha yao waiache getini. Jioni anarudi nyumbani amechoka kwa kunyamaza. Na sasa mjukuu wa bibi huyo kahamia Toronto, akimpigia simu anamjibu kwa Kiingereza. Mlikuwa mkikaa naye jikoni kwake mnakunywa chai, mwanamke wa kanisani na mwanamke wa Ibra, mkiwalaumu watoto. Ulinisimulia hayo ukikunja nguo zako kutoka kwenye sanduku. Kisha ukatoa vileso vyako vyeupe, ukavipanga, ukasema bila kuniangalia, "Kumbe kuna mji mzima unaosema mushwari, na hakuna anayecheka."

Nilikuwa na nafasi ya kukuomba radhi pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema nakwenda kuangalia wali.

Naishia hapa kwa leo. Asubuhi, kwa kuwa ni Jumatano, nilikwenda soko la wanawake nikamnunulia Lulu gauni la Kiomani, jekundu lenye nyuzi za kijani. Nimekutandikia kitanda chako shuka safi, sijui kwa nini. Kesho saa tano wanatua Maskati. Niombee, kama huko mtu anaweza kuombea watu wa huku.

*

Mama, leo ni Jumatatu. Naendelea.

Hatukumkalisha chini. Hatukufanya hata moja katika tuliyoyapanga. Gari liliposimama uani, Harith akaenda kutoa masanduku, mimi nikafungua mikono nimpokee mtoto, akanikumbatia haraka, kikumbatio cha adabu, harufu yake ya ndege na biskuti, kisha akaniponyoka. Nyumba anaijua kwa simu. Anajua mlango wako ni wa pili baada ya majlisi. Nilipofika alikuwa ameshavua viatu, anatembea kwa ncha za vidole, kidole kimoja mdomoni, ananiashiria mimi ninyamaze. Mimi! Nisikuamshe.

Akafungua mlango taratibu. Akaona kitanda, shuka safi, hamna mtu.

Hakushtuka. Nadhani alifikiri uko msalani. Akapanda, akakaa palepale unapokaa wewe, picha yake mapajani, chupa ya asali kando, akaniangalia akatabasamu na yale mapengo yake, akaanza kuhesabu. Kwa sauti ndogo. Moja, mbili, tatu kwa Kifaransa, anakuhesabia uje.

Mama, nilimwacha ahesabu. Nilikuwa nimeshika fremu ya mlango, na kila namba nilikuwa najiambia sasa, sasa sema, na namba inapita. Ishirini. Thelathini. Nilimsikia Harith akiburuza sanduku sebuleni nikamwomba Mungu aje haraka, halafu nikamwomba asije. Namba za Kifaransa sizijui, lakini hiyo yako naijua vizuri kwa ugomvi wenu. Nilisikia swasant, nikasikia swasant nyingine na nyingine, nikajua inakaribia. Alipofika akasita kidogo, akavuta pumzi, akasema kwa fahari, "Septanti." Akageukia mlango wa msalani.

Nikasema, "Bibi e mort."

Nilisema vizuri, Mama. Mazoezi yote yale, na neno lilitoka safi kabisa. Nilitamani lingekwama.

Akaniangalia. Halafu akatikisa kichwa, akasema, "Non. Ti a di dodo." Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria: ulisema dodo. "Ti a di dodo, Mami." Mami ndiyo mimi, ndivyo wanavyoita bibi huko kwao. Nikamwambia kwa Kiswahili, maana Kifaransa changu kilikuwa kimeshakwisha, "Nilisema uongo, mwanangu. Niliogopa." Sijui alielewa nini. Aliona uso wangu, nadhani huo unasomeka kwa lugha zote. Akaanza kulia, kwanza bila sauti, mdomo wazi, kisha sauti ikaja. Nikamkimbilia, akanisukuma. Akanisukuma mara mbili kwa mikono yote miwili. Makamasi na machozi yamemfunika uso, anajipangusa kwa mkono wa fulana, na katikati ya kwikwi akasema neno.

"Mushwari."

Nilikuwa nimeshasimama, Mama. Nilikuwa nimeshafika kwenye droo yako ya juu na mkono umo ndani kabla sijajua nimelisikia kwa lugha gani. Miaka hamsini sijaomba leso kwa neno hilo, na miguu ililijua. Vileso vyako vilikuwa palepale, vimepangwa ulivyovipanga uliporudi kutoka Montreal. Nikampa. Akajifuta, akaninyooshea tena mkono, nikampa kingine, na kingine. Cha nne alijifuta nacho akanirudishia mimi, maana na mimi nilikuwa nakihitaji. Harith alitukuta hivyo. Alikaa sakafuni mlangoni na masanduku yake mikononi.

Usidhani yamekwisha. Siku ya kwanza hakutaka kula kwa mkono wangu, alikula na babu yake. Siku ya pili alinionyesha picha aliyokuchorea: wewe kitandani, macho mawili makubwa wazi, na kando simu inayocheka. Harith alinitafsiria maswali yake yote kabla ya kuondoka. Aliuliza ulipokufa ulikuwa umelala au umeamka. Aliuliza kama ulisikia simu ikilia Ijumaa zote zile. Aliuliza kwa nini mtu mzima aseme dodo. Kwa hilo la mwisho Harith alinigeukia mimi, na mimi nikajibu kwa Kiswahili naye akamfasiria, kuwa neno hilo ndilo pekee nililokuwa nalo, na nilikuwa mvivu wa kutafuta jingine, na hofu ilinisaidia uvivu. Lulu akasema nitamfundisha maneno yangu na yeye atanifundisha yake. Harith karudi jana kwa Sofi. Sasa tumebaki wenyewe.

Tulikwenda makaburini jana alasiri, nikamwonyesha mawe matatu ya kaburi lako, jua limeshapoa kidogo. Akaweka chupa ya asali kwenye mchanga. Baba Harith akataka kusema kitu juu ya sisimizi, nikamtazama akanyamaza.

Na leo asubuhi wifi yangu Rahma kaja na vitumbua. Lulu kala, mikono imejaa mafuta, nikamwambia, "Kachukue mushwari." Rahma akacheka, unamjua, akasema, "Shwari gani tena, wifi, hata bahari hakuna?" Nikamwambia ni neno la mama yangu, tena la Lulu, na nyumba hii ndilo tunalotumia. Hakucheka tena. Ni jambo dogo, na limechelewa miaka mingi, na wewe hukuwepo kulisikia. Lakini nimelisema mbele ya mtu.

Sasa sikiliza kinachonikosesha raha. Mchana, baada ya adhuhuri, ninajilaza kama kawaida, kiyoyozi kinanguruma, na dakika tano hazipiti nasikia miguu yake. Anakuja mpaka karibu na uso wangu, nahisi pumzi yake ina vitumbua. Anauliza, "Mami? Dodo?" Nisipojibu upesi ananifungua jicho kwa kidole. Jana kaja mara sita. Na si kwangu tu. Babu yake amelala kwenye kochi, anamsimamia, anaangalia kifua kama kinapanda. Lulu mwenyewe usingizi hautaki, anaupiga vita mpaka unamwangusha ghafla, ameshika kileso chako. Hilo ndilo nililompa mjukuu wangu, Mama. Nimemtia hofu ya kulala. Wewe uliniahidi embe kwa neno lile, na mimi nimemfanyia hivi.

Basi naahidi. Kifaransa nitajifunza, namba zote, kwa namna yako na kwa namna yao, na tukibishana sabini tutabishana. Maneno yako yatasemwa humu ndani na hakuna atakayeyasahihisha, hata mimi. Na mtu akifa nitasema amekufa.

Kwaheri, Mama. Unisamehe mtandio wa siku ile ya posa. Waliokuja kwenye matanga wote waliniambia Mungu akulaze mahali pema, nami nikaitikia amina bila kufikiri. Leo neno kulaza linanitisha kidogo. Mungu akuweke mahali pema, akuweke macho wazi kama kwenye picha ya Lulu.

Nasimamia hapa, mchana umeingia na nimechoka, nataka kujinyoosha kidogo. Atakuja, najua. Akiniita nitafumbua macho, hata akiniita mara septanti, kila mara nitafumbua na kumwambia dodo, dodo tu. Na siku nitakayoshindwa kufumbua, mtoto huyu hatahitaji kuuliza mara mbili, maana neno la kufa atakuwa nalo.

Binti yako,
Zuhura